Grenache: Mizabibu mikongwe iliyoponea shoka

MTU anayemiminiwa mvinyo wa Château Rayas kwa mara ya kwanza huenda akadhani amepunjwa.

Mvinyo huo, utokao katika eneo la Châteauneuf-du-Pape kusini mwa Ufaransa, hauna ule wekundu mzito unaokaribia weusi ambao wengi wameuzoea katika mvinyo wa bei ghali. Rangi yake ni nyepesi, na ukiishika bilauri mbele ya dirisha utaona mwanga ukipenya hadi upande wa pili.

Lakini harufu yake ni jambo jingine: stroberi zilizoiva, waridi, maganda makavu ya machungwa, pilipili manga na majani ya porini. Ukiuonja, hupita ulimini kwa ulaini bila ukakasi wa kukunja uso, na ladha yake hubaki kinywani muda mrefu baada ya kumezwa. Chupa moja huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani.

Ajabu ni kwamba mvinyo huo hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, Grenache, ambayo kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa punda wa mashamba ya mizabibu. Ilithaminiwa kwa mzigo iliyoweza kubeba, wala si kwa uzuri wake. Zipo serikali zilizowahi kuwalipa wakulima ili waing'oe.

Kinacholeta tofauti, pamoja na udongo na mkono wa mkulima, ni umri wa mizabibu yenyewe. Grenache changa, iliyonyunyiziwa maji na kulazimishwa kuzaa kwa wingi, hutoa mvinyo uliofifia rangi, wenye utamu wa peremende na kileo kinachochoma koo. Grenache iyo hiyo, ikifikia umri wa babu katika udongo maskini, hutoa mvinyo wa madaha.

Tatizo ni kwamba umri hauuzwi dukani. Mzabibu wa miaka 100 uking'olewa leo asubuhi, itapita karne nzima kabla ya kupatikana mwingine wa rika lake pale pale.

Asili na majina yake

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Grenache ilianzia Uhispania, katika eneo la Aragon lililoko kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Huko huitwa Garnacha.

Katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, zabibu hiyo hiyo huitwa Cannonau. Wapo Waitaliano wanaoshikilia kwamba kisiwa hicho ndicho chimbuko lake, na kwamba Wahispania ndio walioichukua kutoka kwao.

Mvutano huo una sababu ya kihistoria. Ufalme wa Aragon uliitawala Sardinia tangu karne ya 14, na watawala wake walisafirisha bidhaa, lugha na mimea kutoka pwani moja ya bahari ya Mediterania hadi nyingine. Kutoka Uhispania, zabibu hiyo ilivuka milima ya Pyrenees na kuingia kusini mwa Ufaransa, ambako ilipata jina la Grenache linalotumika zaidi ulimwenguni leo.

Zipo pia Grenache nyeupe na ya kijivu, ambazo ni ndugu wa damu wa ile nyekundu. Makala haya yanahusu nyekundu pekee.

Mmea sugu wenye kasoro zake

Grenache ni mmea wa nchi kavu na joto. Huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, na kwa hivyo huhitaji kiangazi kirefu ili zabibu zake zikomae sawasawa.

Shina lake ni nene na mbao zake ni ngumu. Husimama wima bila kuegemezwa, na ndiyo sababu wakulima wa kale waliupogoa ukawa kichaka kifupi chenye umbo la kikombe, bila nguzo wala nyaya. Katika bonde la mto Rhône, ambako upepo mkali uitwao mistral huvuma kutoka kaskazini na kuvunja mimea dhaifu, ugumu huo ni neema.

Aidha, mmea huu huvumilia ukame kuliko aina nyingi za mizabibu. Mkulima asiye na maji ya kunyunyizia bado anaweza kuvuna.

Hata hivyo, una kasoro zake. Maua yake hupukutika kwa urahisi kabla ya kufunga tunda ikiwa hali ya hewa itakuwa ya baridi na mvua wakati wa kuchanua. Ukungu wa majani pia huushambulia vibaya; mwaka wa 2018, wakulima wengi wa kusini mwa bonde la Rhône walipoteza sehemu kubwa ya mavuno yao kwa ugonjwa huo.

Zabibu zenyewe zina maganda membamba. Rangi ya mvinyo mwekundu na ule ukakasi unaokausha ulimi hutoka zaidi katika maganda, na hivyo mvinyo wa Grenache huwa na rangi nyepesi na ukakasi kidogo. Asidi yake pia ni ya chini, ilhali sukari hupanda upesi jua linapokuwa kali. Sukari hiyo ikichachuka hugeuka kileo, na si ajabu kukuta chupa yenye kileo cha asilimia 14.5 au zaidi.

Mvinyo wenye kileo kingi, asidi kidogo na rangi iliyofifia huweza kuwa mzito na wa kuchosha. Hapo ndipo umri wa mzabibu unapoingia.

Umri unaongeza nini?

Mzabibu huanza kutoa mavuno ya kutegemewa baada ya miaka mitatu au minne. Huendelea kuzaa kwa nguvu hadi miaka 25 au 30 hivi, kisha mavuno huanza kupungua. Kwa mkulima anayelipwa kwa kilo, huo ndio wakati wa kuung'oa na kupanda mwingine.

Kwa mtengenezaji mvinyo, kupungua huko ndiko kunakoleta faida. Mzabibu mkongwe hubeba vichala vichache, na mara nyingi zabibu zake ni ndogo. Zabibu ndogo ina maganda mengi ikilinganishwa na maji yaliyo ndani yake. Kwa zabibu yenye maganda membamba kama Grenache, tofauti hiyo ni kubwa: rangi, harufu na ukakasi mwororo huongezeka bila mtengenezaji kulazimisha lolote.

Pili, mizizi ya mzabibu uliokua bila kunyunyiziwa maji huwa imezama na kutambaa mbali. Mwaka wa mvua nyingi haiubabaishi, na mwaka wa kiangazi haiutishi. Shina nene na mizizi hiyo pia ni ghala la chakula ambacho mmea huchota unapopata shida.

Tatu, na hili husahaulika, mashamba ya kale yalipandwa kwa vipandikizi vilivyokatwa kutoka mizabibu mingi tofauti ya jirani na jamaa. Kila mmea una tabia yake kidogo: huu huiva mapema, ule hubana vichala, mwingine hupinga ugonjwa fulani. Mashamba mengi yaliyopandwa kuanzia miaka ya 1970 yalitumia vipandikizi vya mimea michache iliyoteuliwa kwenye vitalu, mara nyingi kwa sababu ya wingi wa mazao. Shamba kongwe kwa hivyo ni hazina ya urithi wa mimea ambayo vitalu haviwezi kuirejesha ikishapotea.

Ni vyema kuongeza kwamba umri pekee hautoshi. Mzabibu uliozeekea katika udongo mbaya ni mzee tu. Kadhalika, baadhi ya mizabibu mikongwe huzaa kidogo kwa sababu ya magonjwa ya shina na virusi. Isitoshe, mashamba mengi yaliyodumu miaka 80 au 100 yalidumu kwa kuwa yalikuwa mahali pazuri tangu mwanzo, na wenyewe walilitambua hilo.

Mchanga wa Rayas

Eneo la Châteauneuf-du-Pape lilipata jina lake kutokana na mapapa wa Kanisa Katoliki waliokaa katika mji jirani wa Avignon kuanzia mwaka wa 1309 hadi 1377. Papa Yohana wa 22 alijenga ngome yake ya mapumziko hapo, na magofu yake yangali yanaonekana juu ya kilima.

Ni katika mkoa huo huo wa kusini ambako, katika miaka ya 1860, wakulima waliona mizabibu ikinyauka bila sababu. Mwaka wa 1868, mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake waligundua kidudu kidogo cha manjano kikifyonza mizizi. Kidudu hicho, filoksera, kilikuwa kimeletwa pamoja na mimea kutoka Marekani.

Filoksera iliangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya. Dawa iliyofaa ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mizizi yake ilikuwa imezoea kuishi na kidudu hicho. Wakulima walipoanza kupanda upya, wengi walichagua Grenache kwa kuwa ilikuwa sugu na ilizaa vizuri.

Wingi huo ulileta udanganyifu. Mapema katika karne ya 20, wafanyabiashara walichanganya mvinyo wa kusini na wa kwingineko na kuuza kwa majina yasiyo yake. Mwaka wa 1923, Pierre Le Roy de Boiseaumarié, mwanasheria aliyekuwa na shamba huko Châteauneuf, aliwaongoza wenzake kudai kanuni: mipaka ya eneo, aina za zabibu, kiwango cha chini cha kileo na kuchambuliwa kwa zabibu mbovu. Kanuni hizo zilikuwa kielelezo cha sheria ya kitaifa ya mwaka wa 1935, na Châteauneuf-du-Pape ilitambuliwa rasmi mwaka uliofuata.

Hadi leo, shamba la eneo hilo haliruhusiwi kutoa zaidi ya takriban lita 3,500 za mvinyo kwa hekta.

Sehemu kubwa ya Châteauneuf-du-Pape hujulikana kwa mawe ya mviringo yanayohifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Rayas ni tofauti. Shamba hilo limejificha kati ya misitu midogo, udongo wake ni mchanga, na sehemu zake nyingi zimeelekea kaskazini, mbali na jua kali.

Albert Reynaud, aliyekuwa mthibitishaji hati mjini Avignon na aliyelazimika kuacha kazi yake kwa sababu ya uziwi, alilinunua mwaka wa 1880. Mwanawe Louis alilijenga likapata sifa. Mjukuu wake Jacques, mtu mkimya aliyependa kujificha wageni walipobisha hodi, aliliendeleza hadi alipofariki mwaka wa 1997. Baada yake, hatamu zilishikwa na Emmanuel, mtoto wa ndugu yake.

Mvinyo wa Rayas hauchanganywi na zabibu nyingine, ijapokuwa kanuni za eneo zinaruhusu aina 13. Huhifadhiwa katika mapipa ya zamani ambayo hayana tena harufu ya mbao ya kuupa mvinyo. Mavuno yake kwa hekta huwa madogo kuliko hata yale yanayoruhusiwa na sheria. Udongo wa mchanga, kivuli, mizabibu iliyokomaa na mavuno hafifu: hivyo ndivyo Reynaud na wazawa wake walivyothibitisha kwamba Grenache inaweza kuwa nyepesi bila kuwa dhaifu.

Australia yalipa ili ing'oe

Wakati filoksera ilipokuwa ikiangamiza mashamba ya Ulaya, mizabibu mingi ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Mwaka wa 1832, James Busby alipeleka Australia mamia ya vipandikizi vya mizabibu alivyokusanya Uhispania na Ufaransa. Kuanzia mwaka wa 1842, Walutheri kutoka Silesia, wakikimbia kuingiliwa katika ibada zao, walifanya makazi katika bonde la Barossa, Australia Kusini, na baadaye wakapanda mizabibu.

Filoksera ilifika katika jimbo jirani la Victoria katika miaka ya 1870. Australia Kusini iliweka masharti makali ya kuzuia mimea kuingizwa, na mwaka wa 1899 ikatunga sheria maalumu. Matokeo yake ni kwamba jimbo hilo lina mizabibu iliyosimama juu ya mizizi yake asilia tangu karne ya 19. Shamba la familia ya Cirillo huko Barossa lina Grenache ambayo upanzi wake unatajwa kuwa wa mwaka wa 1850 au kabla kidogo, na huhesabiwa miongoni mwa Grenache kongwe zaidi duniani zinazozaa hadi sasa.

Kwa miongo mingi, zabibu hizo zilitumika kutengeneza mvinyo mtamu uliotiwa kileo cha ziada, kinywaji kilichopendwa sana enzi hizo. Hadi miaka ya 1960, Grenache ilikuwa miongoni mwa zabibu nyekundu zilizopandwa zaidi nchini humo.

Kisha mapenzi ya wanywaji yalibadilika. Watu walitaka mvinyo mweupe, na wale wa mwekundu walitaka Cabernet Sauvignon. Zabibu zilijaa sokoni, bei ikaporomoka, na wakulima waliokuwa na mizabibu ya mababu zao wakakosa wa kuwauzia. Mwaka wa 1979, mtengenezaji mvinyo Peter Lehmann alianzisha kampuni ya kununua zabibu za wakulima wa Barossa baada ya mwajiri wake kumtaka asizinunue.

Juhudi za mtu mmoja hazikutosha. Katikati ya miaka ya 1980, serikali ziliamua kuwalipa wakulima ili wang'oe mizabibu yao. Walengwa wakuu walikuwa mizabibu isiyozaa sana, yaani mikongwe. Matingatinga yaliingia mashambani, na mashina yaliyopandwa katika karne ya 19 yakachomwa kama kuni.

Msomaji anayekumbuka jinsi wakulima wa eneo la kati nchini Kenya walivyong'oa mikahawa bei ilipoanguka baada ya mwaka wa 1989 hatashindwa kuelewa uchungu wao. Mkulima hang'oi alichopanda babu yake kwa kupenda. Hung'oa kwa kuwa ana karo ya kulipa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka michache tu baadaye, watengenezaji wadogo wa Barossa kama vile Charles Melton na Robert O'Callaghan wa Rockford walikuwa wakitafuta zabibu kutoka mashamba yale yale yaliyoponea shoka, na wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari kuzilipia. Melton aliuita mvinyo wake Nine Popes, yaani mapapa tisa, kwa kulifanyia mzaha jina la Châteauneuf-du-Pape. Neno la Kifaransa neuf lina maana mbili, mpya na tisa.

Mwaka wa 2009, Barossa iliweka utaratibu wa kuitambua mizabibu kwa rika: ya miaka 35 na zaidi, 70 na zaidi, 100 na zaidi, na 125 na zaidi. Hawa wa mwisho huitwa mababu. Mwaka wa 2017, Grenache ya Turkey Flat kutoka Barossa ilishinda tuzo ya Jimmy Watson, mojawapo ya tuzo kubwa zaidi za mvinyo nchini Australia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Grenache kuitwaa.

Milima ya Uhispania

Nchini Uhispania pia Garnacha ilipitia dhiki. Katika eneo la Rioja, wakulima wengi waliing'oa katika nusu ya pili ya karne ya 20 na kupanda Tempranillo, iliyokuwa na soko zuri zaidi.

Iliyosalimika zaidi ni ile iliyokuwa mahali ambapo trekta haifiki. Mfano ni Priorat, mkoani Catalonia, ambako watawa Wakatoliki walianzisha monasteri ya Scala Dei mwaka wa 1194 na kuendeleza kilimo cha mizabibu kwenye miteremko mikali ya mawe meusi yanayopasuka kama vigae. Baada ya filoksera, vijana walihamia mijini, vijiji vikabaki na wazee, na matuta yakamezwa na vichaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kundi dogo lililomjumuisha René Barbier, Álvaro Palacios, Daphne Glorian, Carles Pastrana na Josep Lluís Pérez liliifufua Priorat. Mavuno yao ya kwanza ya pamoja yalikuwa ya mwaka wa 1989. Miaka minne baadaye, Palacios alitoa mvinyo wa L'Ermita kutoka shamba dogo la mwinuko lenye Garnacha iliyopandwa mapema katika karne ya 20. Tangu hapo umekuwa miongoni mwa mvinyo ghali zaidi wa Uhispania.

Ikiwa Priorat ilionyesha nguvu ya Garnacha kongwe, milima ya Gredos iliyoko magharibi mwa Madrid ilionyesha ulaini wake. Huko mizabibu hupandwa katika mchanga wa graniti, na baadhi ya mashamba hufikia mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku huwa baridi hata wakati wa kiangazi, asidi haipotei upesi, na zabibu huiva polepole.

Kwa miaka mingi mavuno ya Gredos yaliishia katika mitungi ya mvinyo wa bei rahisi kwa mabaa ya Madrid. Mashamba madogo ya wazee yalikuwa yakiachwa moja baada ya jingine. Mwaka wa 2008, marafiki, wakiwemo Daniel Landi na Fernando García, walianzisha kampuni ya Comando G na kuanza kuyanunua na kuyakodi. Mvinyo wao una rangi nyepesi na harufu ya maua, na umewafanya wanywaji wa Uhispania kuitazama upya zabibu waliyoidharau.

Afrika haikuachwa nyuma

Katika bara letu, nchi yenye mizabibu mikongwe mingi zaidi iliyoorodheshwa ni Afrika Kusini. Rosa Kruger, mtaalamu wa kilimo cha mizabibu, alianza kuitafuta na kuiorodhesha mapema katika miaka ya 2000, akizunguka mashambani na kuzungumza na wazee.

Kazi hiyo ilizaa mradi wa kuhifadhi mizabibu mikongwe, ambao tangu mwaka wa 2018 huidhinisha chupa kwa lebo maalumu inayotaja mwaka wa upanzi, mradi mizabibu iwe na miaka 35 au zaidi. Grenache si nyingi huko, lakini ile ya nyanda za juu za Piekenierskloof, kaskazini mwa Cape Town, inasifiwa kwa uchangamfu wake.

Katika ukanda wetu wa tropiki hali ni tofauti. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kujikusanyia nguvu. Dodoma nchini Tanzania, ambako hakuna baridi ya aina hiyo, mkulima huuongoza mmea kwa kuupogoa na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mmea usiopata usingizi mrefu huchoka upesi, na ni vigumu kutarajia mizabibu ya karne moja huko.

Mkono wa mtengenezaji

Zabibu za mzabibu mkongwe zinaweza kuharibiwa kiwandani. Katika miaka ya 1990, wakati wakaguzi mashuhuri walipokuwa wakisifu mvinyo mzito, watengenezaji wengi waliacha Grenache iive kupita kiasi, wakaikamua kwa nguvu na kuihifadhi katika mapipa mapya ya mwaloni. Matokeo yake yalikuwa mvinyo wenye harufu ya vanila na kileo cha asilimia 16. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawa walisifiwa wakauzidisha ukali.

Wanaotafuta madaha hufanya kinyume. Huvuna mapema kidogo, kabla sukari haijapanda mno. Baadhi huchachusha vichala vizima pamoja na vikonyo vyake, jambo linaloongeza harufu ya viungo na uchangamfu. Maganda hulowekwa taratibu kama majani ya chai badala ya kukorogwa kwa nguvu. Kisha mvinyo huhifadhiwa katika matangi ya saruji au mapipa makubwa ya zamani. Maadamu Grenache huharibika haraka ikiguswa na hewa nyingi, chombo hujazwa hadi pomoni.

Kwa mnunuzi

Anayetaka kuuonja mvinyo wa aina hii si lazima auze shamba. Maeneo ya Calatayud na Campo de Borja nchini Uhispania yangali na Garnacha kongwe nyingi, na bei zake ni sehemu ndogo tu ya zile za majina makubwa.

Maneno ya Kifaransa vieilles vignes na ya Kihispania viñas viejas yana maana ya mizabibu mikongwe, lakini nchini Ufaransa hayana ufafanuzi wa kisheria. Mwaka wa 2024, Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo lilipendekeza kuwa mzabibu mkongwe ni ule wenye miaka 35 au zaidi. Hilo ni pendekezo kwa mataifa, wala si amri. Mnunuzi atafute lebo inayotaja mwaka wa upanzi au jina la shamba.

Mvinyo huu haufai kunywewa ukiwa na joto la chumba la Mombasa. Uweke kwenye jokofu hadi ufikie nyuzi 15 au 16, la sivyo kileo kitafunika harufu zote. Hupatana vyema na nyama ya mbuzi au kondoo ya kuchoma, na pilau yenye bizari. Anayeunywa akumbuke kwamba kileo chake ni karibu mara tatu ya kile cha bia ya kawaida.

Shoka limerudi

Joto linaloongezeka duniani limeiweka Grenache katika njia panda. Kwa upande mmoja, ni zabibu inayovumilia ukame, na wakulima wengi wanaitegemea. Kwa upande mwingine, hata uvumilivu una kikomo. Juni 28, 2019, halijoto ilifikia nyuzi 46 katika wilaya ya Hérault kusini mwa Ufaransa, na majani na vichala vya mizabibu katika eneo hilo vikaungua kana kwamba vimepitiwa na moto.

Lakini tishio lililo karibu zaidi ni lile lile la miaka ya 1980. Watu wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko zamani, na zabibu zimejaa tena sokoni. Kati ya mwaka wa 2008 na 2011, Umoja wa Ulaya uliwalipa wakulima wang'oe mizabibu, na Uhispania ndiyo iliyong'oa mingi zaidi. Mwaka wa 2024, Ufaransa ilitenga euro milioni 120 kwa kazi hiyo, mkulima akilipwa euro 4,000 kwa kila hekta anayoacha.

Mkulima mzee mwenye hekta mbili za Grenache ya mwaka wa 1930, asiye na mrithi na anayelipwa kwa kilo, hana sababu kubwa ya kukataa fedha hizo. Mizabibu yake humpa mavuno machache, huhitaji kupogolewa na kuvunwa kwa mkono, na kiwanda cha ushirika huchanganya zabibu zake na za jirani mwenye shamba changa.

Kinachoweza kumbadilisha nia ni mnunuzi atakayelipa kwa umri badala ya uzani. Barossa, Gredos na Afrika Kusini zimeonyesha kwamba mnunuzi huyo yupo, ingawa mara nyingi amefika baada ya tingatinga kupita.